Kila Kitu Kimo Ndani ya Gitaa

Nimemkasirikia yule mzee kwa miaka mingi kuliko miaka niliyomjua. Nasema mapema, ili asiyependa hasira akae kando. Wenzangu wakikumbuka mafundi wa zamani hulainika sauti, husema siku zile watu walikuwa watu. Mimi nikimkumbuka wangu damu hunipanda na chai hunipolea mkononi. Mke wangu huniuliza, "Ushaanza tena?" Nami humjibu ndiyo, nishaanza.

Jina lake silitaji. Mtaa mzima wa Ziwa la Ng'ombe, Kisauni, ulimwita Fundi, basi, hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya njia, mlango mbele, na nyuma kijidirisha kimoja kidogo kilichotazama kwenye uwanja wa nyumba yake. Humo alitengeneza redio, kaseti, amplifaya za harusi, vipaza sauti vya msikiti, na magitaa yetu sisi tuliokuwa tukipiga mahotelini. Miaka hiyo ya themanini hoteli zote za pwani ya kaskazini zilikuwa na bendi, na hewa ya chumvi ilikuwa haina adabu, ilikula waya kama mchwa. Ukisema popote Kisauni kwamba gitaa lako limekufa, jibu lilikuwa moja tu: mpelekee Fundi.

Langu lilikuwa jekundu. Niliachiwa na Mjerumani aliyepiga nasi msimu mmoja, akarudi kwao, asionekane tena. Lilikuwa gitaa la umeme, lakini lenye tumbo: ndani wazi pande zote mbili, mbao nzito katikati, na usoni matundu mawili marefu yaliyopinda. Sauti yake ilikuwa nene na tamu. Nami sijidanganyi, wapigaji hodari kuliko mimi walikuwa tele, wengine wamekaa vibarazani hawana kazi. Hoteli iliniweka kwa sababu ya sauti ya lile gitaa. Likinyamaza, na mimi sina changu.

Tabu ya gitaa la namna ile ni kwamba mgongoni halina mlango. Vile vya kupandishia sauti, vya kuifanya kali au nzito, swichi, tundu la kuchomekea waya, vyote vinaishi ndani ya tumbo, na njia ya kuvitoa ni moja tu, yale matundu membamba ya usoni. Ni kama kumbadilisha mtu fulana bila kumvua kanzu. Kuvitoa, mjinga yeyote aweza. Kuvirudisha kila kimoja kwenye shimo lake, hapo ndipo wanaume walipolia.

Fundi hakulia. Mkewe alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, na nyuzi zake za rangi zilikuwa zimetapakaa nyumba nzima. Fundi alizichukua nyekundu, kijani, njano, akafunga kila kifaa kwa uzi wake kabla ya kukisukuma ndani. Kifaa kikatoka kwenye tundu huku ncha ya pili ya uzi imebaki inaning'inia kwenye shimo lake. Akishalehemu, alivuta uzi taratibu, na kifaa kikarudi chenyewe kilikotoka, kikachungulia shimoni. Kazi nzima akaimaliza kwa nyuzi za kofia.

Haya nayaeleza leo kama mtu anayejua. Wakati ule nilichoonyeshwa ni mgongo. Naam, mgongo! Ukimpa gitaa alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kulitazama, halafu akakupa kisogo, ukabaki unatazama fulana yake iliyotoboka begani na moshi wa risasi ya kulehemu ukipanda. Ukisogea upande, naye alisogea. Niliwahi kukaa pale kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, sikuona hata kidole. Nilijiambia huyu ni mchoyo. Mafundi wa namna yake tuliwajua, wanaozikwa na ufundi wao ili watoto wa watu wasiupate.

Na maneno yake yalikuwa haba, ya kukera. Ukimuuliza lini, inshallah. Ukimuuliza kimeharibika nini, "Kimechoka." Ukimuuliza ataanzia wapi, "Palipochoka." Nikamwambia siku moja, "Fundi, nifundishe angalau kidogo." Akasema, "Kazi haifunzwi kwa mdomo, Bwana Gitaa." Ndivyo alivyoniita, Bwana Gitaa. Sikujua kama ananitukuza au ananidhihaki.

Muziki haukuruhusiwa kibandani. Alitengeneza magitaa ya bendi saba lakini hakuna aliyepiga hata wimbo mmoja mbele yake. Alijaribu kazi yake kwa kugonga kwa bisibisi, to, to, amplifaya ikaitika, akaridhika. "Mimi natengeneza sauti," alisema. "Kuitumia ni hesabu yako na Mola wako." Sawa. Lakini siku moja nikilichukua gitaa langu akaniambia, bila kuniangalia, "Ule wimbo mnaomalizia, uzi wa tatu wauminya mno. Walia." Nilishangaa. Wimbo ule tulikuwa tukiupiga hotelini tu. Baadaye nikaambiwa na bawabu kwamba mzee mmoja wa kanzu husimama nje ya ua siku za mazoezi, baada ya alasiri, kisha huenda zake.

Tena si kwamba hakuwa na utu. Mama mmoja alimjia na redio, analia, ni redio ya marehemu mumewe, imekufa. Fundi akaifungua, akaipuliza vumbi, akainama nayo kitambo kirefu. Mama alipoondoka redio inasema, nikamuuliza ilikuwa na nini. Akanong'ona, "Betri kazitia kichwa chini." Mbona hakumwambia? "Mbele za watu?" akaniuliza, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye wazimu. Hilo nililiona kwa macho yangu, na halikunifunza kitu.

Kwa sababu mimi ndiye niliyemletea ile karatasi. Mjerumani aliniachia pamoja na gitaa ramani ya waya zake, ukurasa mzima wa mistari na maandishi ya kizungu. Nikaenda nayo kibandani siku ya soko, benchi limejaa wateja, nikaitandaza mbele yake nikasema kwa sauti, "Fundi, hebu tusomee hapa, wewe si bingwa?" Akaitazama. Akaitazama tena. Watu wakangoja. Akaikunja akasema, "Niachie."

Alikaa nayo wiki mbili. Aliponirudishia alisema, "Karatasi yako siitaki. Chombo chenyewe chasema." Wateja wakacheka, wakamsifu. Mimi nikawaka. Nikamwambia hapo hapo, "Sema hutaki watu wajue! Umeshainyonya, sasa waniambia huitaki." Akanigeuzia mgongo. Nikatoka, na tangu siku ile nikawa mchekeshaji wa bendi: nilikuwa nikiwaigizia wenzangu Fundi anavyogeuka, anavyojikunyata na gitaa kama mama anyonyeshaye. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mji wetu mdogo, na kicheko kina miguu. Kilimfikia.

Hata hivyo alinitengenezea mara tatu. Ilipofika ya nne, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mambo yalikuwa yameshabadilika. Hoteli zilikuwa zimegundua kinanda: mtu mmoja na kisanduku chenye ngoma ndani, besi ndani, tarumbeta ndani. Meneja mpya akatwambia Ijumaa baada ya chakula cha mchana atatusikiliza sisi, amsikilize na mtu wa kinanda, kisha aamue. Jumatatu gitaa langu likakata sauti.

Nilikimbia nalo Ziwa la Ng'ombe. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Alikuwa akifikicha macho. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipapasa, akanirudishia. "Hii ya nne utafanya mwenyewe."

"Mwenyewe? Mimi si fundi!"

"Kila kitu kimo ndani. Lifungue taratibu, utaona."

"Fundi, Ijumaa riziki yangu yaamuliwa. Nakuomba. Nikupigie magoti?"

"Usinipigie magoti. Kimo ndani, nakwambia. Taratibu tu."

Wallahi, kama si mvi zake ningemtia kofi. Nilirudi kwangu Mkomani nikitukana njia nzima.

Jumatano mchana nikakaa mezani na gitaa, bisibisi, chuma cha kulehemu cha kuazima, na spoki ya baisikeli niliyoikunja ncha iwe kulabu. Mpiga ngoma wetu alikuja kunishikia. Sote wawili ni watoto wa bara ya karibu, wa nyuma ya Rabai huko, tumesomeshwa skuli ya misheni mpaka darasa la nane. Nikalegeza vijiti vya volyumu, nikavisukuma ndani, nikaingiza spoki, nikavuta. Ukatoka mkufu wa waya, na kwenye waya vimefungwa vijifurushi. Vitano nilivihesabu, vyeusi, vidogo kama punje ya korosho, karatasi iliyokunjwa, ikatiwa nta, ikazungushiwa uzi wa rangi. Kimoja nta yake ilikuwa imepasuka, na ndani zikaonekana herufi za Kiarabu.

Mpiga ngoma aliinuka, kiti kikaanguka. "Ndugu yangu," akasema, "umefungwa."

Sasa mtu wa kwetu akiona karatasi, nta, uzi na Kiarabu, hahitaji mkalimani. Tumeziona hirizi shingoni mwa watoto, juu ya milango, kwenye pembe za mbuzi. Na tunajua kwamba hirizi ya mtu haifunguliwi wala haisomwi, mwenye kuisoma humrudia. Kila kitu kikanijia kwa mpigo: mgongo, wiki mbili na karatasi yangu, "kimo ndani". Kumbe alinambia kabisa! Kimo ndani! Kaniwekea, kisha ananicheka usoni. Nikashika wembe nikakata nyuzi zote za rangi, nikavitupa vifurushi kwenye kopo, nikamwagia mafuta ya taa. Mpiga ngoma akakariri Zaburi mpaka vikawa majivu.

Kisha nikaanza kurudisha. Bila uzi, kila kifaa kilizama tumboni. Nilivua kwa spoki Jumatano, nikavua Alhamisi, nikakwangua rangi pembeni mwa matundu, vidole vikaungua. Nilipopata kimoja kwenye shimo, kingine kilianguka. Waya gani ulikuwa wa nini, sikujua tena. Nilibahatisha.

Ijumaa meneja alikaa na kahawa yake. Nikachomeka waya. Gitaa likavuma, vuuuu, kama mzinga wa nyuki, na nilipogusa nyuzi likavuma zaidi. Nilipiga hivyo hivyo, na nyuma yangu mpiga ngoma aliacha kupiga kwa aibu. Meneja akaziba sikio moja kwa kidole. Mtu wa kinanda hakumaliza hata wimbo wake wa pili, akaajiriwa. Sisi watano tukatoka kwa mlango wa jikoni.

Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa na hasira. Kuanzia Kongowea sokoni hadi Mkomani nilisema: Fundi anatia hirizi vyombo vya watu ili viharibike, virudi kwake. Waliobisha niliwaambia, fungueni redio zenu. Wakafungua. Wakavikuta! Redio hii kifurushi kimoja, ile viwili. Waliviteketeza bila kuvigusa kwa mkono. Ziwa la Ng'ombe imejaa watu wa kuja kama sisi, na hata waliojua kusoma herufi zile walisema hawatii jicho kwenye kitu cha mtu. Mwezi haukwisha, kibanda kikawa hakina mteja. Asubuhi moja kikakutwa kimepakwa mavi mlangoni. Fundi akakiosha, akakifunga, akahamia Likoni kwa wakwe zake. Hakumjibu mtu hata neno. Nami nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi nikapata usingizi.

Gitaa nikalitundika ukutani. Nikapata kazi ya kuuza misumari na mabomba kwenye duka la vifaa vya ujenzi Magongo, na nikaizoea. Miaka saba hivi ikapita. Siku moja mke wangu akasema, lile jitu ukutani au uliuze au ulitupe, latufugia mende. Nikaliteremsha nikalikung'uta vumbi. Kitu kikagonga ndani. Nikalipindua, nikalitikisa, na kwenye tundu kikatoka kifurushi kimoja cheusi chenye uzi wa kijani. Kumbe havikuwa vitano. Niliona sitakichoma hiki. Hiki nitamrudishia mkononi mwake, nimwone uso.

Nilivuka kwenda Likoni kesho yake, gitaa mgongoni, kifurushi nimekifunga kwenye leso. Nyumba niliipata kwa kuuliza. Mkewe alikuwa barazani anashona kofia, na yeye amekaa kando yake kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe.

"Hodi."

"Karibu," akasema mkewe.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, lakini mdomo una mazoea yake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainua kichwa. "Hii sauti ya Bwana Gitaa."

"Ndiye. Nimekuletea mali yako." Nikamtilia kifurushi kiganjani. "Uliisahau moja."

Alikibirua kwa vidole, akapapasa uzi, akanusa nta. Uso wake haukubadilika. "Rangi gani, mama?" akamuuliza mkewe.

"Kijani."

"Basi huu ni wa nyuma, ule wa kuitia sauti uzito. Msomee. Mimi mato yamekwenda."

Nikasema sitaki kusomewa. Yule bibi hakunisikiliza. Akaipasua nta kwa sindano yake ya kofia, akainyoosha karatasi juu ya goti, akasoma polepole kama asomaye barua ya jamaa: "Uzi wa kijani. Huu wa nyuma. Usiukate. Ukitaka kukitoa, kifunge uzi kwanza, kisha ndipo ukivute. Waya wa ardhi hukaa chini ya daraja la nyuzi, usiusahau, ukiusahau gitaa litavuma. Bwana Gitaa, mkono wako mzuri lakini una haraka. Taratibu."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Kilikuwa Kiswahili. Kiswahili kitupu, cha huku huku kwetu, kwa herufi za Kiarabu.

"Na vya redio?" nikauliza.

"Vyote ni hivyo," akasema Fundi. "Chombo kilichofunguliwa kitafunguliwa tena. Mie huenda sipo. Fundi atakayekuja ajue nilifanya nini. Nta ni ya kuzuia chumvi, karatasi isioze."

"Mbona hukuniambia ni maandishi?"

"Nilikwambia kimo ndani. Wewe umesoma, umekwenda skuli. Nikajua utasoma."

"Herufi hizi mimi sizijui, mzee!"

"Na zile za karatasi yako mimi sizijui," akasema. "Nilikaa nayo wiki mbili natafuta mtu wa kunisomea asiyekuwa na mdomo. Sikumpata."

Hapo nikapiga kelele. Nilimuuliza kwa nini basi alikuwa akinipa mgongo miaka yote ile kama mwizi. Akashangaa kweli. "Dirisha," akasema. "Si lilikuwa nyuma? Mlangoni mmejazana nyie, mwatia giza. Ningeona wapi?"

Dirisha! Nililiona kila nilipokwenda. Niliketi mlangoni mchana kutwa, nikiuziba mwanga kwa kiwiliwili changu.

"Na walipokuja?" nikamuuliza. "Walipokuchafulia mlango? Mbona hukuwasomea? Karatasi moja tu ungewasomea, yangekwisha!"

"Hawakuniuliza imeandikwa nini," akasema. "Waliniuliza nimemroga nani."

Mkewe hakuninyanyulia macho. Alikuwa amesharudi kwenye kofia yake. Fundi akauliza, "Laimba?"

"Nini?"

"Gitaa. Nasikia umelibeba, lagonga ukuta."

"Haliimbi."

"Basi kaa pale palipo mwanga. Kile kifaa cha nyuma kwanza. Mama, mpe uzi."

Yule bibi akavuta uzi wa kijani kutoka kwenye kibunda chake, akaupima kwa mkono, akaukata kwa meno, akaninyooshea. Niliupokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na hasira hata nikashindwa kusema ahsante.